Kiwanja Kinachotazama Mlima

Kiwanja chetu tulikipata kwa sababu wenzetu wote walikuwa wamekikataa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mume wangu ni fundi seremala. Kwa miaka mingi tulipanga chumba na sebule karibu na stendi ya Masasi, tukiamshwa na honi za mabasi kila alfajiri. Viwanja vipya vilipopimwa pembeni mwa mji, na sisi tuliomba. Lakini tulisubiri kwanza korosho za shamba la marehemu baba kule Makote ziuzwe, na tulipofika ofisi ya ardhi, viwanja vya kando ya lami vilikuwa vimekwisha. Kilibaki kimoja, cha mwisho kabisa kwenye ramani. Upande mmoja kilipakana na mlima wa mawe, na upande wa pili kilipakana na kipande kikubwa kilichoandikwa "eneo la wazi".

Pale dirishani alikuwepo dalali mmoja, mtu mwenye kofia ya kiua na sauti ya kujua mambo. Alituangalia kwa huruma.

"Mwalimu, hapo mtanunua mawe na nyani," alisema. "Kiwanja ni barabara. Kiwanja kisicho na barabara ni shamba."

Mume wangu alicheka, akasaini. Tulipotoka nje hakucheka tena. Tulitembea hadi stendi, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusema kwamba tumekosea.

Tulijenga polepole, kama wanavyojenga watu wa mshahara mdogo. Msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, kupaua pale mume wangu alipopata kazi ya madawati ya shule fulani. Tulipohamia, nyumba haikuwa na dari, lakini ilikuwa na mlango mzuri kuliko milango yote ya mtaa, kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyeuchonga. Mbele ya mlango huo kulikuwa na lile eneo la wazi. Vichaka vilinifika kifuani. Watu wa mitaa ya juu walitupa humo taka zao, chupa na matambara na maganda, na mbuzi walikuja kuchagua. Juu ya majabali pimbi walikaa wakiota jua na kututazama kana kwamba sisi ndio wageni. Na kweli tulikuwa wageni.

Dada yake mume wangu alikuja kuona nyumba, akazunguka, akasifu mlango. Kisha akauliza, "Sasa hapa mtakaa na nani?"

Mwaka wa pili mama yangu alikuja kuishi nasi. Alikuwa amekaa Makote maisha yake yote, akilima muhogo na mbaazi, akiokota korosho kwa mikono yake. Presha ilimwangusha shambani, majirani wakatupigia simu, nami nikamleta hospitali. Daktari, kijana mpole, alimpa dawa, kisha akamwambia, "Bibi, na kila siku utembee. Nusu saa, bila kukimbia."

Mama alimwonyesha miguu yake.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimeshuka bondeni kuteka maji tangu nikiwa msichana mpaka nilipokuwa na wajukuu. Alfajiri kushuka, jua likitoka kupanda, na ndoo kichwani. Nimetembea miguu yangu mpaka imekwisha. Leo unaniambia nitembee bure?"

"Ndiyo, Bibi. Bure."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alilirudia neno hilo. Bure! Mtu mzima atoke nyumbani, azunguke, arudi mikono mitupu. Watu watasema nini?

Asubuhi ya kesho yake nilimwona anatoka na ndoo tupu.

"Mama, bomba liko uani. Unakwenda wapi?"

"Kutembea."

"Na ndoo?"

"Nikiwa na ndoo, hakuna atakayeniuliza ninakokwenda."

Akaondoka. Alikata katikati ya vichaka, akafuata kijia cha mbuzi chini ya mlima, akazunguka nyuma ya majabali, akatokea upande wa pili karibu na nyumba ya nesi mmoja aliyekuwa amejenga muda mfupi baada yetu. Alirudi na jasho usoni, ndoo tupu mkononi, na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afariki. Alisema nyuma ya mlima kuna upepo kama wa Newala.

Alifanya hivyo kila siku. Tawi likimzibia njia alilikata kwa panga. Palipokuwa na mteremko wa kuteleza alichimba ngazi kwa jembe, tatu nne, akazikandamiza kwa mguu. Wiki ya tatu, nikiwa najiandaa kwenda shule, nilisikia sauti za wanawake nje. Walikuwa watano, kila mmoja na ndoo yake.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema mmoja, mama kijana anayeuza vitumbua kwenye kona ya mtaa. "Tumekuja kuuliza. Bibi anateka wapi? Tunamwona kila siku anakwenda nyuma ya mlima na ndoo. Kumbe kuna kisima na mnatuficha?"

Niliegemea mwimo wa mlango nikacheka hadi machozi yakanitoka. Mama alitoka ndani, akasikia kisa chote, akajikaza asicheke.

"Kisima hakuna," alisema. "Kuna presha. Mwenye presha anifuate."

Mama wa vitumbua alisema hana presha, lakini kwa kuwa ameshafika, na vitumbua amemwachia dada yake, atakwenda aone. Walikwenda wote sita, na zile ndoo, wakizungumza Kimakonde na Kimakua na Kiswahili kwa pamoja. Waliporudi, nesi alikuwa ameungana nao, amevaa sare zake za kazi na viatu mkononi.

Njia yetu ilianza hivyo. Hakuna mradi uliokuja, wala kibao kilichosimikwa. Njia hutengenezwa na miguu, na miguu ilikuja. Ndoo ziliachwa nyumbani baada ya siku chache, mama akiwa wa mwisho kuiacha yake. Waendesha bodaboda wawili wa mtaani wakaanza kukimbia pale kabla ya kazi, wakimwamkia mama kila wanapompita. Nami niliwapeleka wanafunzi wangu wa darasa la tano kujifunza majina ya miti, wakajifunza zaidi kuhusu pimbi.

Ukishapita mahali kila siku, taka zake zinaanza kukuuma. Jumamosi moja nesi alikuja na reki na glovu, akaanza peke yake. Kufikia saa nne tulikuwa zaidi ya kaya kumi. Tulifyeka, tukakusanya, tukachimba shimo, tukafukia. Mama wa vitumbua alifagia sehemu yote inayotazamana na nyumba aliyopanga, akaendelea kufagia kila asubuhi tangu siku ile, kabla hata ya kuwasha jiko lake. Mume wangu alitumia mabaki ya mninga kutengeneza mabenchi mawili, akayapigilia chini ya mti wa mkungu uliokuwa umejificha kwenye vichaka miaka yote hiyo. Tulipanda mijohoro pembezoni. Wasichana wakachora uwanja wa netiboli kwa majivu. Jioni zikawa na kelele nzuri.

Hapo ndipo matofali yalipokuja.

Lilikuwa ni lori moja, asubuhi ya siku ya kazi. Nilipotoka shule nilikuta matofali ya kuchoma yamepangwa katikati ya uwanja wa netiboli, na vibarua wawili wanatandaza kamba ya kupimia msingi. Mwenye matofali alikuwa mnunuzi wa korosho, mtu wa Masasi hapa hapa, mwenye kiwanja ambacho hajakijenga ng'ambo ya eneo letu. Alisema ameambiwa eneo halina mwenyewe, anataka kujenga ghala dogo.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano siku ya pili yake. Tulikaa kwenye nyasi, wanawake upande huu na wanaume upande ule, na mnunuzi wa korosho alikuja bila kiburi, jambo lililonishangaza. Mume wangu alileta nakala ya ramani tuliyopewa siku ya kununua. Mwenyekiti aliitandaza juu ya benchi, akaweka kidole.

"Hapa pameandikwa eneo la wazi. Sijaona ghala."

"Naona maandishi," mnunuzi alijibu. "Lakini wazi maana yake si tupu? Mahali patupu si pa kujengwa?"

Watu waliguna. Mama yangu alinyanyuka. Nilitaka kumvuta nguo akae, maana hasira na presha ni ndugu, lakini hakuwa na hasira. Alizungumza taratibu, kwa Kiswahili chake chenye mdundo wa Kimakonde.

"Baba, nikuulize. Kule kwetu Makote, zamani, tulikuwa na njia ya kushukia majini. Unajua nyumba ipi ilikuwa nzuri?"

"Sijui, Bibi."

"Si yenye kuta kubwa. Ile iliyo karibu na njia. Msichana akiposwa, bibi yake aliuliza, kwao huyo kijana ni mbali kiasi gani na njia ya maji? Akiambiwa mbali, anakunja uso. Bwana mmoja alipanda muhogo katikati ya njia ile. Alisema njia haina mwenyewe. Watu wakatafuta pa kushukia pengine, mbali na kwake. Mwaka uliofuata mke wake ndiye aliyekuwa na safari ndefu kuliko wanawake wote wa kijiji. Aliung'oa muhogo ule mwenyewe, kwa mikono yake, mumewe akiangalia."

Kicheko kilipasuka upande wa wanawake, kikavuka kwa wanaume, na mwisho mnunuzi mwenyewe akacheka. Nesi akadaka hapo hapo.

"Kaka, kiwanja chako kinatazama hapa. Ukijenga ghala, kitatazama nini? Mgongo wa ghala."

Yule bwana aligeuka akatazama kiwanja chake, kisha uwanja, kisha mlima. Nadhani kabla ya hapo hakuwahi kuvitazama vyote kwa pamoja. Aliinama akaokota mwisho wa kamba, akaanza kuikunja.

"Ghala nitajenga sokoni," alisema. "Hapa nitaweka nyumba ya kuishi. Lakini na mimi nipewe benchi moja mbele ya kwangu."

"Fundi yupo," alisema mwenyekiti, na mume wangu akainua mkono.

Matofali yalihamishwa siku tatu baadaye, na wasichana walichora upya uwanja wao siku hiyo hiyo.

Sikumwona tena dalali mwenye kofia ya kiua mpaka siku aliposimama mlangoni kwangu, miaka michache baadaye, akiwa na mgeni aliyevaa miwani, mtumishi wa serikali aliyehamia Masasi. Dalali hakunikumbuka. Alinionyesha kwa mkono kama vile ananitambulisha kwa nyumba yangu mwenyewe.

"Mwalimu, unaishi mahali pazuri," alisema. "Mheshimiwa hapa anatafuta nyumba. Amekataa za kando ya lami, vumbi na makelele. Anasema anataka mtaa ule wa njia ya mlimani. Watoto wake wacheze, yeye mwenyewe atembee. Siku hizi watu wote ndivyo wanavyouliza."

"Huku kwenye mawe na nyani?" niliuliza.

Alinitazama vizuri. Kisha akavua kofia, akajifunika nayo uso, akasema ndani ya kofia, "Ni wewe! Nisamehe, Mwalimu. Kazi hii inatufanya tuseme mengi."

Niliwakaribisha ndani, nikawapa chai na muhogo wa kuchemsha. Mgeni alitaja bei ambayo angenunulia nyumba yetu. Sitaiandika hapa, lakini niseme kwamba kijiko kilianguka mkononi mwa mume wangu. Kwa pesa ile tungeweza kununua viwanja viwili kando ya lami, vile tulivyovikosa zamani, na kingebaki cha kuezekea.

Walipoondoka, mimi na mume wangu tulikaa kwenye baraza tukiangalia nje. Mama alikuwa amefika mbali nyuma ya mlima, tunasikia sauti yake tu, akimgombeza mtu kwa kutembea polepole.

"Unaonaje?" mume wangu aliniuliza.

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona tumepata bei nzuri." Alinyoosha kidole kuelekea mlimani. "Nami naona, tukiuza, hiyo pesa tutaitumia kutafuta mahali kama hapa."

Hatukuuza. Mgeni alinunua kiwanja kingine nyuma ya kwa nesi, na sasa ni mmoja wa watu wanaogombezwa na mama.

Lakini bei ikipanda, haimpandii mwenye nyumba peke yake. Hilo lilinifikia siku nilipomkuta mama wa vitumbua anakaanga bila kuimba. Nilimuuliza, akajibu bila kuinua macho.

"Mwenye nyumba amepiga simu kutoka Newala. Anasema amesikia mtaa umependeza, kwa hiyo kodi inapanda. Mara mbili, Mwalimu. Nitahama."

Mwanamke huyu ndiye aliyefagia mahali pale kila asubuhi, na sasa ufagio wake ulikuwa unamfukuza. Niliona aibu, ingawa si mimi niliyepandisha kodi. Nilimweleza mama. Jumamosi nilimkuta amevaa kitenge chake kizuri.

"Twende Newala," alisema.

Tulipanda basi, tukakwea mwinuko ule mrefu hadi juu ambako hewa inabadilika na unatafuta khanga ya kujifunika. Mwenye nyumba tulimkuta anaanika mbaazi uani kwake, mzee mstaafu, mpole, mwenye fimbo.

"Shikamoo, kaka," alisema mama.

"Marahaba, dada. Karibuni."

Tulikula kwanza, kama inavyopasa. Nilitarajia mama aanze kubishana juu ya kodi. Hakuitaja. Alimwambia tu, "Kaka, mara ya mwisho umeiona nyumba yako lini?"

Mzee alifikiri. "Tangu mke wangu alipofariki sijashuka Masasi. Nasikia tu kwa watu."

"Kwa hiyo unapandisha kodi ya kitu usichokijua. Njoo ukione."

Alikuja wiki iliyofuata. Mama alimpokea stendi, na asubuhi ya pili akamtoa kuizunguka njia, pole pole, mzee na fimbo yake, mimi na nesi nyuma yao. Alisimama kwenye zile ngazi za udongo, akauliza nani amezichimba. Alisimama kwenye mijohoro, akauliza nani ameipanda. Kila alipouliza, mama alimtajia mtu. Tulipotokea upande wa nyumba yake, mama wa vitumbua alikuwa ameinama na ufagio, vumbi likipanda taratibu kwenye jua, na ardhi iliyo nyuma yake ikiwa na mistari safi kama shamba lililopigwa matuta.

"Na huyu nani amemwajiri?" aliuliza mzee.

"Hakuna," mama alisema. "Ni mpangaji wako."

Mzee alikwenda akakaa kwenye benchi. Alikuwa anahema, lakini uso wake ulikuwa umechangamka. Mama wa vitumbua alipomtambua alitupa ufagio, akapiga goti kumwamkia, kisha akakimbia ndani kuwasha jiko, na baada ya muda akarudi na sahani ya vitumbua vya moto na chai. Mzee alikula kimoja, cha pili, cha tatu. Sote tulikuwa tumesimama, tunajifanya kutazama pimbi.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "kodi ibaki ile ile. Na ukuta ule wa nyuma nitaupiga lipu, unaniaibisha mbele ya mlima mzuri hivi."

Mama wa vitumbua aliweka mikono kinywani. Kisha akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichoamsha mtaa mzima. Nesi akadakia, nikadakia na mimi, na wale waendesha bodaboda waliokuwa wanakimbia upande wa pili wakasimama, wakadhani kuna harusi.

Mzee alikaa nasi siku nne badala ya mbili. Kila asubuhi alizunguka na mama. Siku ya kuondoka alimuuliza mume wangu kama bado kuna kiwanja kinachouzwa upande huu, hata kidogo, hata kwenye mawe. Mume wangu alimwambia aende kwa dalali mwenye kofia, ila ajiandae, bei si ya zamani. Mzee akacheka, akasema bei si neno, maana mbaazi mwaka huu zimekubali. Akapanda basi. Mama alibaki amesimama stendi, anampungia mkono, na kitenge chake kizuri kikipigwa na upepo.